Kariakoo Yajengwa Upya: Nani Atabaki?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya mipango miji. Nitatumia mfano wa mahali tunapopafahamu sote, ambapo wengi wetu tulinunuliwa sare za shule: Kariakoo, Dar es Salaam.

Jina lenyewe ni historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapo wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaifanya Kariakoo. Wakoloni walitaka Waafrika wakae huko, mbali na Uzunguni, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Lakini waliotengwa walijenga mji wao. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, mwenye nyumba na wapangaji walipikia ua mmoja na kuzungumza baraza moja. Kutoka mitaa hiyo zilitoka Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli.

Biashara ilipolegezwa masharti katika miaka ya 1980, fremu ya duka ikawa na kodi kubwa kuliko chumba cha kulala. Kwanza chumba cha mbele kikageuzwa duka, kisha nyumba nzima ikavunjwa likapanda ghorofa. Leo wafanyabiashara wanatoka Zambia, Malawi na Kongo kununua bidhaa hapo. Mpangaji wa zamani yuko Mbagala au Gongo la Mboto, na nauli inamla.

Sisemi ghorofa ni baya. Nyumba za miti na udongo hazikujengwa zidumu milele, na ardhi ya katikati ya mji ni haba. Ila kujenga upya bila uangalifu si maendeleo. Soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na watu zaidi ya 20 wakafa. Hao walikwenda kutafuta riziki tu.

Inawezekana kujenga bila kumtupa mwenyeji. Pale Magomeni Kota, nyumba za zamani zilivunjwa, na familia 644 zilizokuwa zikikaa humo zikangoja takriban miaka kumi. Mwaka 2022 maghorofa mapya yalipozinduliwa, ndizo zilizopewa nafasi ya kwanza. Walingoja mno, lakini walirudi.

Ndugu zangu, kwetu jambo hili si la vitabuni. Shangazi yangu ana nyumba Mtaa wa Swahili. Mjenzi amekuja na fedha. Watoto wake wanataka kuuza wagawane. Yeye anasema hatahamia mahali asipojua hata muuza maji. Kikao hakijakwisha. Nimewaambia yale ninayowaambia wananchi mezani kwangu. Kwanza, kama aliyeandikwa katika hati ni marehemu, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama kabla ya mazungumzo yoyote. Pili, anayetaka kubaki asiuze, aingie ubia: yeye atoe kiwanja, mjenzi atoe fedha, na mkataba usomwe na wakili wa familia, si wa mjenzi peke yake. Tatu, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kupewa hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Basi sehemu hiyo itajwe kwa ghorofa na kwa ukubwa.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wanasheria na maofisa ardhi. Ramani itakapoletwa mbele yenu, ulizeni kwanza: waliopo hapa sasa watalala wapi? Swali hilo halimo katika fomu yoyote. Lazima mwende nalo wenyewe.