Tezi Dume na Hofu ya Kisu

Wanaume wengi hukwepa kupima tezi dume kwa kuhofia kisu. Huko Uingereza, wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwa kura: kupasuliwa, kutibiwa kwa mionzi, au kufuatiliwa kwa vipimo. Taarifa ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba, baada ya miaka 15 hivi, takriban 97 katika kila 100 hawakuuawa na saratani hiyo, katika makundi yote matatu. Kufuatiliwa si kupuuzwa. Zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walitibiwa baadaye. Lakini uchaguzi huo anao aliyewahi. Anayekuja saratani imekwisha kuingia mifupani hana. Nacho kipimo cha kwanza ni damu kidogo tu ya mkononi.