Haki ya Mtoto Asiyeweza Kusema Vizuri



Nimeombwa kuzungumzia haki ya elimu. Bila shaka mnatazamia nitaje madawati na michango. Mimi napenda tumtazame mtoto aliyeketi nyuma ya darasa, ambaye akisimama kujibu, maneno hukwama na wenzake hucheka.

Mwinjili Marko, katika sura ya 7, anasimulia habari za kiziwi mwenye utasi. Bwana hakumponya mbele ya umati. Alimtenga kando, akamgusa masikio na ulimi. Nasi mapadre hulifuata tendo hilo katika Ubatizo, katika ibada ya Efatha. Kisha mtoto huyo huyo akichelewa kusema, tunamwita bubu, na pengine tunamficha mgeni anapobisha hodi.

Tutofautishe mambo. Mtoto aliyelelewa na bibi yake kule Chome kwa Chasu, akanyamaza siku za kwanza shuleni, hana ugonjwa wowote. Anajifunza Kiswahili, na asichapwe kwa hilo. Mwenye kigugumizi ana akili timamu, na kumhimiza aseme upesi ni kumwongezea mzigo. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka huhitaji upasuaji kwanza, kisha mazoezi ya kutamka. Lakini kila mtoto asiyesema vizuri apimwe masikio, maana asiyesikia atayajifunza wapi maneno? Masikio yanayotoa usaha mwaka hadi mwaka si jambo la kuzoea. Na kukata kilimi, niseme wazi, hakumfanyi mtoto aseme. Humletea kutokwa damu na maambukizo.

Wapo wataalamu wa tiba ya usemi na lugha. Katika nchi nyingine hufanya kazi ndani ya shule: humsikiliza mtoto peke yake, humzoeza kutamka, humwelekeza mwalimu. Kwetu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Muhimbili kimeanza kuwafundisha miaka ya karibuni tu. Mzigo umebaki kwa walimu wa elimu maalumu, wengi wao waliosomea Patandi. Kanisa letu lilifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini huko Tabora mwaka 1963. Na hapa Upareni, ndugu zetu Walutheri wanayo shule ya viziwi Mwanga. (Katika hili tusione haya kuwaiga.)

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya elimu. Liko jambo zito zaidi. Mtu mwovu humchagua mtoto asiyeweza kusimulia. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi asiyeweza kusema ajieleze mahakamani kwa maandishi au kwa ishara. Lakini ishara zipi, na maandishi gani, ikiwa hakuna aliyemfundisha?

Sisi wa milimani tunaujua msaragambo. Kwa njia hiyo wazee walichimba ndiva na mifereji. Basi kabla shule hazijafunguliwa Januari, kila Jumuiya ipite nyumba kwa nyumba, kwa upole, pasipo kumwaibisha mzazi. Jina la mtoto liandikwe kwa ridhaa ya wazazi na kupelekwa kwa mwalimu mkuu. Nauli ya kumfikisha hospitali kupimwa masikio, hata ikibidi KCMC Moshi, itoke katika mfuko wa Jumuiya, kwani mjane hawezi kuimudu peke yake. Jumuiya isiyo na mfuko imwone Paroko leo, kabla hatujatawanyika.