Calais: Dhima ni ya Nani?

Wahajiri wanaolala vichakani pambizoni mwa Calais, wakiitazamia Uingereza ng'ambo ya mlango wa bahari ambao penye wembamba wake hauzidi kilomita 34, wamekuwa kwa miaka mingi mzigo ambao kila dola yataka kumtwika jirani. Uingereza hushikilia kwamba aliyemo katika ardhi ya Ufaransa ni dhima ya Ufaransa, na kwa dhahiri ya sharia hoja hiyo ina nguvu; lakini kwa Mkataba wa Le Touquet, uliotiwa saini mwaka 2003, maofisa wa Uingereza hukagua hati za wasafiri katika bandari hiyo hiyo ya Calais, na mtu aombaye hifadhi mbele yao, kabla chombo hakijang'oa nanga, shauri lake hukabidhiwa Wafaransa. Fedha za uzio na askari Uingereza hutoa, wala si haba, ila fedha haziondoi dhima.

Ufaransa nayo haina udhuru, kwani kuwavunjia watu mahema mara kwa mara, tangu kambi yao kubwa ya Calais ilipobomolewa Oktoba 2016, si hifadhi. Usiku wa kuamkia 24 Novemba 2021, wahajiri wasiopungua 27 walighariki katika mlango huo wa bahari, na walipopiga simu kuomba kuokolewa, waliambiwa na Wafaransa kuwa wamo katika maji ya Uingereza.

Kwa rai yetu, dola iliyouhamisha mpaka wake na dola iliyouridhia zina dhima sawa. Na insafu yataka ofisa wa Uingereza akaguaye hati Calais asikilize, papo hapo, na ombi la hifadhi.