Mafunzo ya Kazi Yasingoje Bahati

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Karen)



Wapitao Karen huona miti na nyumba kubwa tu. Wachache wajua kuwa katika msitu wa Oloolua kuna taasisi ya utafiti wa nyani na tumbili, iliyoanzishwa na Dakta Louis Leakey mwaka 1960, kwanza huko Tigoni. Katika kazi za utafiti wako wenye shahada, na tuko sisi tulioanza kwa kuosha chupa na kusafisha vizimba.

Mwaka ule ule wa 1960 Leakey na mkewe walimwandika kijana wa Kikamba, Kamoya Kimeu, kuchimba udongo Olduvai. Alijifunza mifupa kwa macho na mikono. Mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa yalimfanya msimamizi wa mahali pote pa kale. Mwaka 1984, Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu. Hapo ikatoka mifupa ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima mwaka 2021. Akafariki mwaka 2022. Hesabuni wenyewe alingoja miaka mingapi.

Na huyo ndiye aliyebahatika! Mwenzetu mmoja alitumika miaka 14 katika maabara fulani mjini. Aliwafundisha vijana wa digrii kutumia hadubini na kuhifadhi damu. Fedha za wafadhili zilipokwisha alipewa barua ya mistari mitatu: alikuwa "mhudumu". Kila alikoomba kazi aliulizwa cheti. Hana.

Basi tangu mwezi wa kwanza tudai kazi iandikwe ilivyo. Kabla ya kutia sahihi mkataba mpya tuulize: mwaka huu nitajifunza nini, nani atalipa, nitapewa ruhusa siku ngapi? Wenye shahada wasicheke. Wengi wao nao wako kwa mikataba mifupi, wanakusanya semina za siku mbili bila kujua zawapeleka wapi.

Fedha zipo. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa mamlaka ya mafunzo, NITA. Akipeleka watu mafunzoni kwa kibali aweza kurudishiwa gharama. Zisikatwe katika mshahara wetu.

Kila mwanachama aandike kazi azijuazo, na mwaka alipojifunza kila moja, ampe katibu karatasi hiyo kabla hatujakaa na waajiri juu ya mapatano mapya.