Zabibu za Mvinyo Ng'ambo ya Kisiwa: Uliza Kabla ya Kununua Mche

(Mazungumzo na wakulima wadogo wa Kisauni, Likoni na Changamwe)



Mimi si bwana shamba, kazi yangu ni habari. Nimekuja kwa sababu ya swali linalorudi ofisini kila mara: zabibu za mvinyo zitakubali huku kwetu? Wengi wanaouliza wameona picha za Dodoma, na wengine wameshatoa pesa ya miche.

Dodoma wanavuna kweli. Lakini Dodoma ni kukavu. Mvua ya mwaka ni kama milimita 600 tu, na kiangazi chake ni kirefu. Sisi tunapata zaidi ya 1,000, na unyevu wa bahari usiku na mchana. Kwa hiyo adui wetu mkubwa ni ukungu. Huanza na madoa ya manjano juu ya jani, na chini yake kitu kama unga mweupe, kisha majani yanapukutika na matunda yanaoza. Aina za Ulaya kama Chenin Blanc na Syrah, zinazopandwa Dodoma, hapa zitataka dawa kila mara, na gharama hiyo itakula faida ya robo ekari.

Ndiyo maana nataja machotara. Katika karne ya 19 mizabibu ya Ulaya ilishambuliwa na wadudu na ukungu kutoka Marekani. Wataalamu wakaichanganya na mizabibu ya Marekani, iliyokwisha kuzoea maradhi hayo. Majirani zetu wa bahari hii wanayajua machotara: Fianarantsoa, Madagaska, hupandwa Chambourcin na Couderc, Cilaos, kisiwani Réunion, ilipandwa Isabella miaka mingi. Ila muuzaji wa miche huenda asikwambie kwamba kote kuwili ni milimani, zaidi ya mita 1,000, penye ubaridi. Sisi tuko usawa wa bahari. Chotara huvumilia ukungu, lakini haina kinga kamili.

Basi anza na miche mitano, si hamsini. Ijengee chanja la nguzo za mvinje karibu na nyumba, mahali penye upepo, uitazame misimu miwili au mitatu. Onja maji ya kisima kwanza. Yakiwa na chumvi, mzabibu utaungua majani. Na weka wavu, maana kunguru wa Mombasa hamhitaji kujulishwa kwao.

Katika joto letu mzabibu haulali, mkasi ndio unaouamsha. Toka kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Ukipogoa mwishoni mwa Novemba, vuli ikipungua, matunda yataiva Machi, kabla ya masika. Ukichelewa hadi Januari, mvua itayakuta mtini.

Mambo mawili ya sheria. Kuvusha vipandikizi Lunga Lunga ndani ya mkoba ni kosa: unatakiwa kibali cha KEPHIS kabla mmea haujaingia nchini, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka, kwani maradhi husafiri na kijiti. Pili, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 hairuhusu kutengeneza mvinyo wa kuuza bila leseni. Zabibu za kula na sharubati hazihusiki na sheria hiyo, na nadhani kwa nyumba nyingi za hapa soko liko huko zaidi.

Sasa nipokee maswali. Aliyekwisha kununua miche aanze yeye, atuambie aliambiwa ni aina gani.