Kabla ya Safari, Tazama Jina Lako
Kijana wa Mbagala, kijana wa Tandale, unataka kwenda Muscat kuwaona ndugu wa bibi, wale waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964? Vizuri sana. Utakuta wazee wanaokiongea Kiswahili hasa. Lakini kwanza, tazama jina lako.

Toa cheti cha kuzaliwa. Toa kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Viweke pamoja, usome herufi kwa herufi. Cheti kinasema Saidi, kitambulisho kinasema Said? Mtaani ni wewe yule yule. Kwa afisa wa Uhamiaji, hao ni watu wawili.

Cheti kina kosa? Nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Aliyezaliwa Unguja au Pemba, cheti akishughulikie huko huko Zanzibar. Kitambulisho kina kosa? Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Ndipo uombe pasipoti. Tiketi ije mwisho, kwa jina lile lile la pasipoti. Wapo wanaoanza na tiketi, kisha wanahangaika.

Narudia: jina moja kwenye cheti, kitambulisho, pasipoti na tiketi. Vishoka wa nje ya geti la ofisi usiwape hata shilingi. Ingia ofisini, uliza dirishani.