Njaa ya Truffaldino
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo ambalo limekwisha zua maneno. Chama cha Maigizo cha shule kimeamua kuigiza mchezo wa Carlo Goldoni, "Mtumishi wa Mabwana Wawili", na kuuhamishia kwenye gesti iliyo jirani na stendi ya mabasi, pamoja na simu za mkononi, bodaboda, muziki na kumwagiana supu. Baadhi ya wazee wenzangu wamenung'unika. Wanasema mchezo wenye umri wa zaidi ya miaka 270 unavuliwa heshima yake, na wengine wamefunga mifuko hadi vijana watakapobadili nia. Mimi nasimama upande wa vijana, ingawa nao nina neno lao.

Kwanza kisa chenyewe. Truffaldino ni mtumishi mwenye njaa. Anapata bwana mmoja, kisha akitokea wa pili anamkubali naye, kwa kuwa mabwana wawili maana yake ni milo miwili. Asilolijua ni kwamba yule bwana wa kwanza ni mwanamke, Beatrice, aliyevaa nguo za kaka yake marehemu. Na wa pili ni Florindo, mchumba wake, ambaye ndiye aliyemwua kaka huyo. Wanatafutana, nao wamepanga nyumba moja ya wageni! Katikati yao yuko huyu mwenye njaa, anayekabidhi barua kwa asiyehusika na kutia vitu vya huyu katika sanduku la yule.

Wanaotaka mchezo ubaki kama ulivyokuwa, nawauliza: ulikuwaje? Goldoni, mtu wa Venice, aliutunga mwaka 1745 akiwa mwanasheria mjini Pisa, baada ya kuombwa na mwigizaji Antonio Sacchi. Mahali pengi hakuandika maneno. Alitoa mpango wa tukio tu, na Sacchi akajaza mwenyewe mbele ya watu. Ndivyo walivyofanya waigizaji wa Italia wakati huo: wahusika wanajulikana, barakoa zinajulikana, utani ni wa leo na wa mji huu. Maneno yote aliyaandika baadaye. Wale kati yetu waliokwenda kutazama vikundi vya maonyesho vya Dar es Salaam miaka ya 1980, ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho katika onyesho moja, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwigizaji wa kichekesho alikuwa na kisa kichwani, na maneno aliyaokota pale pale.

Na si vijana wetu walioanza. Mwaka 2011, National Theatre ya London ilionyesha "One Man, Two Guvnors" cha Richard Bean, chini ya mwongozaji Nicholas Hytner. Venice imekuwa Brighton ya mwaka 1963. Beatrice amekuwa Rachel, aliyejifanya pacha wake jambazi. Florindo amekuwa Stanley, kijana wa tabaka la juu aliyelelewa na shule ya bweni na ambaye hakosi kuitaja (hapo wengi wenu mtajiona). Mtumishi, Francis, aliigizwa na James Corden, ambaye mwaka 2012 alipata tuzo ya Tony huko New York kwa kazi hiyo. Kuna bendi jukwaani. Francis anapigana na nafsi yake, mkono mmoja ukimkaba na mwingine ukijitetea, hata mfuniko wa pipa la taka unatumika. Anawauliza watazamaji kama kuna mwenye sandwichi. Mwanamke anatolewa kwenye viti, anasukumwa huku na huko, na mwishoni anamwagiwa povu la kuzimia moto. Watu wanashika vichwa wakidhani mambo yameharibika, kumbe ni mwigizaji aliyepandikizwa pale tangu mwanzo.

Kiini cha yote ni chakula cha mabwana wawili katika vyumba viwili, wasionane. Bean ameongeza mhudumu mzee, Alfie, mwenye umri wa miaka 87, anayetetemeka, ana kifaa cha kuendeshea moyo, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Mlango unampiga, anaporomoka ngazi, anarudi na supu. Watu wamecheka hadi machozi. Lakini tazameni Francis anachokifanya muda wote huo: anaiba tonge. Kila sahani inayompitia anaipunguza. Fujo yote ile imefungwa kwenye tumbo moja.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwa vijana. Nimehudhuria mazoezi yenu mara mbili. Mnacheka wenyewe. Yule anayemwigiza Truffaldino anaanguka vizuri sana, lakini anaanguka kwa ajili yetu, hana njaa. Ndugu yangu, wewe unalala bwenini! Unaijua saa kumi na moja jioni, harufu ya maharage inatoka jikoni na kengele haijapigwa. Njoo nayo hiyo jukwaani. Mtu mwenye njaa ya kweli haoni kuwa anachekesha. Bean mwenyewe analijua hili, kwa maana baada ya Francis kushiba, anawageukia watazamaji na kueleza kwamba sasa atahitaji kitu kingine cha kumsukuma, naye anamgeukia mwanamke. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya pili haina nguvu kama ya kwanza. Mapenzi hayasukumi kama njaa.

Tena, hesabu. Mlango wa kushoto wa bwana huyu, wa kulia wa yule. Sahani inatoka hapa, inapokewa pale, kwa hatua zilizohesabiwa. Anzeni na sahani za bati zisizo na kitu, polepole, mpaka miguu ijue yenyewe. Mwendo wa kasi utakuja mwisho, na supu baada ya hapo.

Kwa wazee wenzangu waliosoma "Mabepari wa Venisi": Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969 hakusema "mfanyabiashara". Alisema "mabepari", na kila aliyelishika jalada lile alijua anaambiwa habari za siku zake mwenyewe. Hakuna aliyemdai Shakespeare arudishiwe heshima.

Kilichobaki ni mchango. Milango miwili inahitaji mbao na bawaba zitakazostahimili kupigwa kila usiku, na yule mhudumu mzee anahitaji godoro nyuma ya ngazi. Seremala amekwisha pima. Sahani za bati kumi na mbili nimezileta mimi, ziko kwenye gari. Daftari la majina liko kwa Mweka Hazina, karibu na mlango.